Mkahawa Unaosafiri Bila Kuondoka Chicago

Katika mji wa Chicago, nchini Marekani, uko mkahawa ambao aliyekula humo hawezi kumwambia jirani yake, "Nenda nawe ukaonje kile nilichoonja mimi." Jirani akichelewa miezi michache, chakula kile hakipo tena. Sahani zimebadilishwa, orodha ya vyakula imefutwa, wapishi wamejifunza kazi yao upya, na mkahawa umekuwa mkahawa mwingine ndani ya nyumba ile ile. Jina lake ni Next, yaani kile kinachofuata, na jina hilo limesibu.

Mkahawa huu ulifunguliwa mwezi wa Aprili mwaka 2011 na mpishi Grant Achatz pamoja na mshirika wake wa biashara, Nick Kokonas. Mpishi mkuu wa kwanza jikoni humo alikuwa Dave Beran. Mtindo wao ni kuchagua mada moja kwa kila msimu, iwe ni mji, nchi, zama zilizopita au kumbukumbu ya mtu, kisha mlo mzima, tangu tonge la kwanza hata kitamutamu cha mwisho, ukasimulia mada hiyo. Mlo wa namna hii huitwa mlo wa kuonja. Huja kwa sahani ndogo ndogo zinazofuatana, kila moja ikiwa na matonge mawili matatu, na huchukua saa mbili, tatu au zaidi kumalizika.

Ndugu msomaji, wasafiri wetu wamekuwa wengi siku hizi. Wako waendao kuwazuru watoto wao walioko masomoni, wako waendao kwa biashara au matibabu, na wako vijana wetu wanaoishi ughaibuni ambao wenzao wa kazini huwaalika kwenye meza za fahari kama hizi. Basi swali huja lenyewe: je, meza hiyo ina nafasi kwa familia ya Kiislamu? Na ikiwa haina, je, ina la kutufunza sisi watu wa pwani? Makala haya yanajaribu kuyajibu yote mawili.

Mtaa wa wachinjaji

Chicago imekaa ukingoni mwa Ziwa Michigan, ziwa pana kiasi kwamba mtu akisimama ufukweni haoni ng'ambo yake, na mgeni kutoka Mombasa au Lamu aweza kudhani amefika baharini, mpaka avute pumzi na kukosa harufu ya chumvi. Ukiuacha ufuko na majumba marefu ya katikati ya mji, ukavuka mto kuelekea magharibi, unafika mtaa uitwao Fulton Market. Treni hupita juu ya barabara kwenye madaraja ya chuma, na chini yake yamesimama majengo ya matofali yenye milango mipana ya kupakilia mizigo.

Kwa miaka mingi mtaa huu ulikuwa soko la jumla la nyama, samaki, mayai na mboga. Alfajiri malori yalijipanga, na wafanyakazi waliovaa makoti meupe walibeba mapande ya nyama mabegani, kama wafanyavyo wachukuzi wa Marikiti yetu. Kisha mambo yakageuka. Ghala kubwa lililokuwa likihifadhi vyakula kwa baridi lilijengwa upya, na mwaka 2015 kampuni ya Google ikahamia humo. Hoteli za kulala na mikahawa ya bei kubwa ikafuata. Wachinjaji wengi wameondoka, na pale palipouzwa nyama kwa ratili sasa huuzwa tonge moja juu ya sahani pana. Next ulikuwa miongoni mwa waliotangulia kuhamia hapo wakati mtaa bado unanuka soko.

Chakula kwa tiketi

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kwamba katika mkahawa huu meza hununuliwa kabla, kama tiketi ya ndege. Kokonas, ambaye kabla ya kuingia kwenye biashara ya chakula alikuwa mfanyabiashara wa masoko ya fedha, aliona kuwa mkahawa hupata hasara kubwa pale watu wanapoweka nafasi kisha wasitokee. Akaamua mgeni alipe mapema, na bei ipande au ishuke kwa kufuata siku na saa: usiku wa Jumamosi ghali, katikati ya wiki nafuu. Tiketi za mwanzo ziligombewa, na wengine waliziuza tena kwa bei ya juu zaidi. Utaratibu huo baadaye uligeuka kuwa kampuni ya kuuza nafasi za mikahawa, iitwayo Tock.

Jambo la pili ni kwamba mgeni hachagui. Ameshalipa, ameketi, na kilichobaki ni kuletewa. Kwetu sisi hili si geni hata kidogo. Anayealikwa harusini Pate au Siyu haulizwi atakula nini. Sinia huletwa, watu wakaizunguka, mkono ukanawishwa, bismillahi ikasomwa. Lakini iko tofauti moja kubwa. Kwenye sinia ya harusi mgeni huacha khiyari yake kwa sababu anamjua mwenyeji na dini yake. Kwenye meza ya Chicago anaiacha khiyari yake mikononi mwa mtu asiyemjua, tena asiyejua wala hana wajibu wa kujua mipaka yake. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha swali letu la kwanza, na ili tuipime sawasawa yafaa tutazame ni nini hasa kilichowahi kuwekwa mezani humo.

Paris, Bangkok na utoto wa mpishi

Mada ya kwanza kabisa ilikuwa Paris ya mwaka 1906, katika zama za mpishi Auguste Escoffier, aliyezaliwa mwaka 1846 na kufariki mwaka 1935. Huyu ndiye aliyepanga kazi ya jikoni za hoteli kubwa za Ulaya kwa mfumo unaofuatwa hata leo, na aliyeshirikiana na César Ritz, ambaye hoteli yake ya Paris ilifunguliwa mwaka 1898. Wapishi wa Chicago walichukua mapishi ya Escoffier, wakatafuta sahani na vyombo vya fedha vya kale, wakapika kama ilivyopikwa wakati ule. Miongoni mwa vyakula hivyo ilikuwako supu ya kasa, na bata ambaye mifupa yake hukamuliwa kwa mashine maalumu mpaka itoe damu na mafuta, vikatiwa kwenye mchuzi.

Miezi michache baadaye Paris iliondoka, ikaja Thailand. Meza zikatandikwa magazeti ya Kithai, na vitafunio vya mitaani vikawekwa juu yake. Msomaji wa pwani atatabasamu hapa, kwani tumekula bhajia, kachri na viazi karai kutoka kwenye kipande cha gazeti tangu utotoni, wala hatukujua kuwa ni fahari!

Mada ya tatu, mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2011, ilikuwa utoto. Achatz alizaliwa mwaka 1974 na kukulia Michigan, ambako wazazi wake walikuwa na mkahawa wao. Wageni waliletewa masanduku madogo ya chakula cha shule, ya aina iliyobebwa na watoto wa Marekani wa zama zake, na ndani yake mlikuwa na vitafunio vilivyofanana na vya kitoto lakini vimepikwa kwa ustadi wa wakubwa. Inasemwa kuwa baadhi ya wageni walitokwa na machozi. Mtu mzima aliyelipa fedha nyingi analia mbele ya sanduku la shule, kwa kuwa limemrudishia mkono wa mama uliomfungia chakula asubuhi.

Mwaka 2012 zikafuatana mada tatu: mkahawa wa El Bulli wa Uhispania, uliokuwa umefungwa mwaka mmoja nyuma, kisiwa cha Sicily, na mji wa Kyoto nchini Japani wakati wa majani ya vuli. Mwaka uliofuata ukaja mlo wa mawindo, kisha mlo wa mimea pekee. Na hivyo ndivyo mambo yalivyoendelea, msimu baada ya msimu. Mwaka 2012 mkahawa huu ulipewa tuzo ya James Beard ya mkahawa mpya bora nchini Marekani.

Mipaka yetu mbele ya meza hiyo

Sasa tuizingatie orodha hiyo kwa jicho la Muislamu. Damu ni haramu kwa matini iliyo wazi, na mchuzi wa bata yule umejengwa juu ya damu. Kasa wanavyuoni wamekhitilafiana juu yake. Nyama ya nchi ile, isipokuwa iliyothibitishwa, haijulikani imechinjwaje. Hata panapokosekana nyama, yapo yaliyojificha. Michuzi ya Kifaransa hupikwa kwa mvinyo. Upishi wa Kijapani hutumia sake, pamoja na mirini, kiungo kitamu cha mchele ambacho asili yake ni pombe. Vitamutamu vingi hugandishwa kwa jelatini, na jelatini aghalabu hutokana na nguruwe. Mlo wa mimea pekee wa mwaka 2013 ungeondoa shaka ya uchinjaji, lakini usingeondoa shaka ya mvinyo.

Na lipo lililo zito zaidi ya sahani yenyewe. Katika mikahawa ya daraja hii, kila sahani huambatanishwa na bilauri ya mvinyo uliochaguliwa. Mgeni aweza kuomba vinywaji visivyo na kilevi, na siku hizi vipo vilivyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa, lakini meza ya jirani itakuwa na mvinyo, na huenda hata meza yake mwenyewe ikiwa amealikwa na wenzake wa kazini. Mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) yametahadharisha dhidi ya kuketi kwenye meza inayozungushiwa pombe. Kwa wengi katika wasomaji wetu jambo limekwisha hapo, nao wamo katika salama. Mwenye dharura ya kazi au ya masomo, anayeona kuwa kukataa mwaliko kutamletea uzito, na amuulize mwanachuoni wake kabla ya kununua tiketi, asiulize baada ya kuketi.

Saa nazo zina hesabu yake. Mwezi wa Juni jua la Chicago huchwa karibu saa mbili na nusu usiku, na mlo wa saa tatu ulioanza saa moja utaimeza Magharibi yote. Mwezi wa Disemba jua huchwa kiasi cha saa kumi na dakika ishirini jioni, na hapo ni Isha itakayohitaji kupangiwa nafasi. Msafiri ana ruhusa zake katika sala, lakini ruhusa hazikuwekwa ili tuzitumie kwa kusubiri sahani ya kumi na mbili.

Kisha iko gharama. Mtume (S.A.W.) alitufunza theluthi kwa chakula, theluthi kwa maji na theluthi kwa pumzi. Mtu aweza kusema kuwa matonge madogo ya mlo wa kuonja yako karibu na mafunzo hayo kuliko sahani zetu za biriani zinazomwagwa baada ya harusi, na kusema kweli hoja hiyo inatuuma. Sisi tunaomwaga masufuria ya wali usiku wa harusi hatuna haki ya kumcheka anayelipa ghali kwa tonge moja lisilobakisha kitu. Israfu ina milango miwili, wa bei na wa kumwaga, na wetu ni ule wa pili.

Kwa msafiri anayetaka kula vizuri na kwa utulivu mjini humo, njia iko. Upande wa kaskazini wa Chicago kuna barabara ya Devon, ambayo sehemu zake zimepewa majina ya heshima ya Gandhi na ya Mohammed Ali Jinnah. Hapo familia za Kipakistani na Kihindi zimefungua mikahawa ya halali, na harufu ya bizari na iliki humpokea mgeni kabla hajaona kibao cha duka. Kwa vyakula vya paketi, shirika la IFANCA, lililoanzishwa mwaka 1982 na lenye makao yake katika jimbo hilo la Illinois, huthibitisha bidhaa za halali, na alama yake ni herufi ya M pamoja na hilali. Mwenye kuijua alama hiyo hupunguza maswali mengi dukani.

Ulimi uliopotea

Hata hivyo, mtu aweza kujifunza kwa meza asiyoiketia. Katika historia ya mkahawa huu limo jambo ambalo kila mwanamke wa pwani aliyewahi kushika mwiko atalielewa bila kufasiriwa.

Mwaka 2007, Achatz akiwa tayari amekwisha kupata jina kwa mkahawa wake wa kwanza, Alinea, alipatikana na saratani ya ulimi iliyokuwa imefikia hatua ya nne. Madaktari wa kwanza walimwambia kuwa sehemu kubwa ya ulimi ingelazimu kukatwa. Baadaye madaktari wa Chuo Kikuu cha Chicago wakamtibu kwa dawa na kwa mionzi, bila kuukata. Mwezi wa Disemba mwaka ule ule ilitangazwa kuwa saratani haionekani tena. Ulimi ulibaki, lakini ladha ilikuwa imeondoka. Mpishi aliyesifiwa nchi nzima hakuweza kujua kama mchuzi wake una chumvi.

Hakuacha kazi. Alipika kwa kumbukumbu, kwa harufu, kwa jicho, na kwa kuzitegemea ndimi za wapishi waliokuwa chini yake. Ladha ilirudi kidogo kidogo, utamu ukitangulia na nyingine zikifuata, na mwenyewe ameeleza kuwa alijifunza ladha upya, kama mtoto mchanga. Mwaka 2008 alipewa tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa nchi. Next ulifunguliwa miaka michache baada ya mtihani huo, na si ajabu kwamba mtu aliyewahi kupokonywa ladha akajenga mkahawa wa kuzihifadhi ladha zilizopotea.

Mama zetu hupika namna hiyo mwezi mzima wa Ramadhani. Mchana kutwa wamo jikoni na saumu zao: samaki wa kupaka, mkate wa sinia, kaimati, uji wa pilipili manga. Wanavyuoni wamemruhusu mpishi mwenye haja aonje kwa ncha ya ulimi kisha ateme, lakini wengi hawaitumii ruhusa hiyo. Hunusa mvuke, husikiliza mafuta yanavyolia, hutazama rangi ya nazi, wakajua. Jua likichwa, chakula kimekaa sawa. Elimu hii iliyoandikwa kwa heshima katika magazeti ya Marekani kwa sababu ya mtu mmoja na mwaka wake mmoja wa maradhi, kwetu iko kila nyumba, na hakuna aliyeiandika.

Sicily na sisi

Katika mada zote za mkahawa huo, iliyo karibu nasi zaidi ni Sicily, ingawa kwa mtazamo wa kwanza iko mbali. Waislamu waliingia kisiwa hicho mwaka 827, na utawala wao ulidumu mpaka Wanormani walipokamilisha kukiteka mwaka 1091. Walikuza kilimo cha miwa, malimau na machungwa, wakachimba mifereji ya maji, na alama zao zimebaki mezani hata leo. Neno la Kiitaliano la sukari, zucchero, limetoka kwenye Kiarabu kama lilivyotoka neno letu sukari. Watu wa Palermo hula panelle, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa kwa mafuta, na mtoto yeyote wa Mombasa angeviona ni jamaa wa bhajia.

Katika mji huo huo wa Palermo, mwaka 1154, mwanachuoni Sharif al-Idrisi alimaliza kitabu chake kikubwa cha jiografia alichomwandikia Mfalme Roger wa Pili. Ndani yake alieleza kuwa mahali paitwapo Trabia, karibu na Palermo, hutengenezwa itriyya, yaani tambi kavu, zikapelekwa kwa merikebu kwenye nchi za Waislamu na za Wakristo. Ndani ya kitabu hicho hicho ameitaja Malindi na ameitaja Mombasa. Bibi anayepika tambi za sukari na iliki asubuhi ya Idi hajui kuwa tambi na mji wake viliandikwa kwa kalamu moja, na Muislamu mmoja, yapata miaka 870 iliyopita.

Meza yetu yenyewe ni mlo wa mada. Neno meza ni la Kireno. Sambusa na biriani yametoka Uajemi na kupitia njia nyingi. Chapati imetoka India, halua imetuunganisha na Omani, na bokoboko ni harisa ya Waarabu iliyopata jina la kwetu. Muhogo, mahindi na pilipili zilivuka bahari kutoka bara la Amerika katika zama za Wareno. Nazi ikazipokea zote, ikazifanya za nyumbani. Mpishi wa Chicago hulazimika kusoma kwa miezi kadhaa ili aisafirishe meza yake kutoka nchi moja hadi nyingine. Sinia yetu moja ya mchana wa Ijumaa imekwisha kuizunguka bahari kabla haijafika ukumbini.

Nani atapika Lamu ya mwaka 1906?

Hapa ndipo penye funzo ambalo ni la haraka zaidi kwetu. Wapishi wa Chicago waliweza kuifufua meza ya Paris baada ya miaka 105 kwa sababu moja tu. Escoffier aliandika. Mwaka 1903 alichapisha kitabu chake, Le Guide Culinaire, chenye maelfu ya mapishi, na yeyote anayesoma Kifaransa aweza kukifungua na kufuata.

Tujiulize sasa: ni nani awezaye leo kupika karamu ya Lamu ya mwaka 1906, au chakula cha arusi cha Mji wa Kale wa Mombasa cha mwaka huo? Majina ya vyakula tunayo. Mpangilio wake, kipi kilitangulia na kipi kilifuata, kipi cha wanaume na kipi cha ndani kwa wanawake, kipi cha siku ya saba na kipi cha fungate, hayo yamo vichwani mwa watu wachache. Vipimo ndivyo vilivyo hatarini zaidi. Bibi hupima kwa kiganja, kwa kibaba, kwa kusema "tia mpaka iitike". Maneno hayo ni sahihi kabisa midhali mwenyewe yuko hai na mkono wake unaonekana. Akiondoka, maneno hubaki bila mkono.

Binti zetu walioko Nairobi, Dubai na Toronto hutafuta mapishi kwenye simu, wakapata vyakula vizuri vya watu wengine, au vya kwetu vilivyopikwa kwa haraka na mtu asiyejua tofauti ya tui la kwanza na la pili. Si kosa lao. Hawakuachiwa kitu cha kusoma. Elimu iliyo mkononi mwa wanawake imehesabiwa kwa muda mrefu kuwa si elimu, nasi tumeshirikiana kuipuuza, wanaume kwa wanawake.

Kinachotakiwa hakina gharama ya tiketi. Kila familia na ichague mlo mmoja ulio wake, na uwe na mada: futari ya bibi mzaa mama, asubuhi ya Idi ilivyokuwa Faza, chakula cha Maulidi, chakula cha arubaini ya mzazi. Binti mmoja aketi na kalamu, mwingine ashike mizani ya jikoni. Kabla kiganja cha bibi hakijamwagwa ndani ya sufuria, kimwagwe kwenye mizani na kiandikwe ni gramu ngapi. Iandikwe pia aina ya mchele, mbichi au mbivu ya nazi, kuni au makaa, na saa. Yaandikwe majina ya waliompikia bibi alipokuwa mtoto, kwani bila shaka atayataja. Kisha mlo huo upikwe na vijana wakati bibi yuko, aonje yeye, aseme palipopungua. Nakala mbili tatu zitolewe na kugawiwa kwa walio mbali.

Elimu yenye manufaa ni miongoni mwa mambo ambayo malipo yake hayakatiki kwa kufa mwenye nayo, na mchuzi wa halali uliowakusanya watoto kwenye sinia moja una manufaa yasiyo shaka. Wazee wetu wengi wamebakiwa na Ramadhani chache za kutuonyesha. Ijayo isitupite hivi hivi, Inshaallah.